Ushahidi wa Asiyekumbuka

Mgeni anayetoka katika kituo cha reli cha Russell Square mjini London, akayapa kisogo majumba ya vitabu na vyuo vya mtaa wa Bloomsbury, pamoja na kile chuo ambamo Waingereza wengi wamejifunza lugha yetu ya Kiswahili, hana mwendo mrefu wa kwenda kwa miguu kabla ya kuufikia uwanja mdogo wenye miti ya kivuli na sanamu ya malkia, uliozungukwa na majumba marefu, uitwao Queen Square. Mchana wa kiangazi wauguzi hukaa katika mabao yake wakala chakula chao, na mpita njia asiyejua habari za mahali pale hupita asidhani kuwa amepita penye jambo. Lakini mwaka 1859 ndugu wawili wa kike, Johanna na Louisa Chandler, ambao walikuwa wamemuuguza bibi yao aliyepooza wakaona kwamba hapana hospitali mjini inayotaka mgonjwa wa namna ile, walianza kuchangisha fedha, na mwaka uliofuata ikafunguliwa hapo nyumba yenye vitanda 8 kwa ajili ya waliopooza na wenye kifafa. Miongoni mwa matabibu wake wa kwanza alikuwa Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis katika kisiwa cha Mauritius, mtu wa bahari yetu hii ya Hindi. Nalitaja jambo hilo kwa kuwa aghalabu majina ya watu wa upande wetu wa bahari husahauliwa panapohesabiwa waanzilishi wa elimu.

Nimekusudia kueleza habari za watu wa namna moja tu kati ya wengi waliopita katika nyumba ile na nyingine mfano wake: wale walioanguka, au waliogongwa, au waliotupwa na chombo, kisha wakainuka wazima wa viungo huku sehemu ya maisha yao haipo. Tena katika habari zao nataka kushika jambo moja, nalo ni jinsi watu wa mji ule mkubwa, mji wa mahakama na bima na makampuni, walivyobishana kwa muda wa miaka mia moja kama yafaa kumsadiki mtu anaposema, "Sikumbuki."

Lugha yetu si maskini katika mlango huu. Tunamjua aliyesahau na aliyepitiwa, aliyeghafilika na aliyezimia, aliyepotewa na fahamu na aliyerukwa na akili, wala hatuwachanganyi. Wanachuoni wa pwani, wakiwafuata wenzao wa Kiarabu, hupenda kusema kuwa mwanadamu aliitwa insani kwa sababu ya nisyani, yaani usahaulifu, na ingawa wajuzi wa sarufi wanazozana juu ya asili ya neno hilo, wengine wakilirudisha kwenye uns, ambayo ni mazoea na mapenzi, kauli ile ya kwanza ndiyo iliyokaa katika ndimi za watu. Hata hivyo, kwa yule ambaye pigo la kichwa limemnyang'anya saa au siku au miaka, maneno yote hayo humpwaya kidogo. Mwenye kusahau alikuwa na kitu kikamtoka. Lakini zile saa za baada ya pigo, ambazo majeruhi huyu alisema na watu, akajibu maswali, pengine akaomba maji na kushukuru alipopewa, hazikupata kuwa zake hata dakika moja. Hakuzipoteza, kwa maana hazikuandikwa.

Kuanguka na kuumia ni mambo ya tangu na tangu, na London ilikuwa na farasi wenye kutupa watu na makuli wenye kuanguka madari karne nyingi kabla ya kuwa na magari ya moshi. Lililokuja na reli ni ajali ya sampuli mpya, ambayo iliwapiga watu wengi kwa dharuba moja, wengi wao wakiwa ni watu wa cheo na mali, wenye kuweza kuajiri mawakili, na iliyokuwa na mdaiwa mwenye fedha za kulipa. Sheria ya mwaka 1846 ilikwisha wapa jamaa wa marehemu haki ya kudai fidia kwa kifo kilichotokana na uzembe wa mtu, na walionusurika nao walikuwa hawana haya ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo daktari, aliyekuwa amezoea kuulizwa swali moja tu, mgonjwa huyu ataponaje, akaanza kuulizwa swali la pili ambalo halikuwa katika vitabu vyake: mgonjwa huyu anasema kweli?

Tarehe 9 Juni 1865 gari la moshi lililokuwa likitoka Folkestone kuwaleta London abiria waliovuka bahari kutoka Ufaransa lilifika penye daraja dogo karibu na Staplehurst, katika jimbo la Kent, mahali ambapo mafundi walikuwa wameing'oa reli ili kubadili mbao, na msimamizi wao alikuwa ameisoma vibaya ratiba akadhani gari lile bado liko mbali. Watu 10 walikufa, wapata 40 wakaumia. Katika behewa moja lililoning'inia ukingoni alikuwamo mwandishi Charles Dickens, ambaye hakuvunjika hata kidole. Alishuka, akateka maji kwa kofia yake akawanywesha majeruhi pamoja na brandi, kisha, kwa jambo ambalo waandishi wenzake watalifahamu kuliko watu wengine, akapanda tena katika behewa lile kwenda kuokoa karatasi za kitabu alichokuwa akikiandika. Lakini mtu huyo asiyeumia alipotewa na sauti yake kwa muda wa majuma mawili, na hadi mwisho wa umri wake alikuwa akipanda gari la moshi hutetemeka na kushika mikono ya kiti. Akafariki tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili kwa siku ile ile. Kama mtu kama Dickens, ambaye kila Mwingereza alimjua na hakuwa na haja ya kumdai mtu senti moja, angeweza kudhurika namna hiyo pasipo jeraha la kuonekana, basi yule karani wa duka aliyekuja na madai yake mkononi alistahili walau kusikilizwa.

Mwaka uliofuata, John Eric Erichsen, daktari wa upasuaji wa University College Hospital, ambayo si mbali na Queen Square, alichapisha hotuba sita juu ya majeruhi wa reli. Alimsawiri mtu ambaye hutoka katika ajali akajipangusa vumbi, akawasaidia wenzake, akaenda zake nyumbani akijihisi mzima, kisha baada ya siku kadhaa hawezi tena kulala, hesabu zake za biashara humchanganya, hukatika katikati ya maneno asijue alikuwa akielekea wapi, na hafidha yake, aliyokuwa akiitegemea kama mtu ategemeavyo mkono wake wa kulia, humsaliti. Erichsen aliamini kwamba uti wa mgongo umetikiswa, akapiga mfano wa sumaku inayogongwa kwa nyundo ikapotewa na nguvu zake, ilhali chuma chake hakionyeshi ufa wala kovu. Ni mfano mzuri sana, na kama ilivyo kwa mifano mingi mizuri, hapana aliyeweza kuuthibitisha. Mawakili wa wadai walikipenda kitabu kile kuliko matabibu walivyokipenda.

Makampuni nayo hayakulala. Herbert Page, daktari wa upasuaji aliyekuwa akiitumikia London and North Western Railway, alitoa kitabu chake mwaka 1883 akisema kuwa uti wa mgongo hauna makosa, na kwamba kinachowadhuru watu hawa ni hofu, tena hofu hulishwa na kesi yenyewe, na ndiyo maana wengi hupata nafuu wakisha kulipwa. Naona ni wajibu kumfanyia insafu: Page hakusema kuwa hofu si kitu, na madaktari wa Paris na Berlin waliokuja baadaye walilichukua neno lake kwa uzito mkubwa. Ila katika mahakama neno la mtu haliendi na sherehe yake. Pale Page aliposema "hofu", wakili wa kampuni alisikia "uwongo", na mdai aliyekuwa na usahaulifu wa kweli alirudi kwake hana fidia wala heshima.

Vita vikuu vya kwanza navipita upesi, maana habari zake ni nyingi na si za mji huu peke yake. Yatosha kusema kwamba mwezi wa Februari 1915, katika gazeti la matabibu liitwalo The Lancet, linalochapwa London, Charles Myers alieleza habari za askari watatu waliopotewa na kumbukumbu, na kuona, na kunusa, na kuonja, baada ya mizinga kupasuka karibu yao. Na kwamba katika vita hivyo hivyo askari mia tatu na zaidi wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi kwa amri ya mahakama za kijeshi, wengi wao kwa kosa la kutoroka, na haikuwa mpaka mwaka 2006 ndipo waliposamehewa. Kwetu, wapagazi wa vita vile, ambao jina la jeshi lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, wengi hawakuandikwa hata majina yao, sembuse mtu kuwauliza wanakumbuka nini.

Mlango uliofuata ulifunguliwa na pikipiki. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kwa jina la Lawrence wa Arabuni, alikuwa akiendesha pikipiki yake katika njia ya mashamba ya Dorset alipowakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akatupwa, akapasuka kichwa, akalala siku sita bila ya kuamka hata akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa daktari wa upasuaji wa ubongo katika London Hospital huko Whitechapel, penye mitaa ya wahamiaji na mabaharia. Vita vya pili vilipokuja, na taa za njiani zikazimwa kwa hofu ya ndege za Wajerumani, watu wakaanza kufa kizani kwa magari yao wenyewe. Mwaka 1941 waliouawa barabarani katika Uingereza walikuwa 9,169, idadi ambayo haijapata kufikiwa kabla yake wala baada yake. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo Cairns aliandika kuwa tangu vita vianze wamekwisha kufa waendesha pikipiki na abiria wao 2,279, na kwamba katika majeruhi aliowachungua mwenyewe aliwapata saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu, na katika hao saba hapana aliyekufa. Mwezi uliofuata jeshi likawalazimisha matarishi wake kuvaa kofia; raia hawakulazimishwa mpaka mwaka 1973. Msomaji aliyepata kupanda bodaboda Kampala au Mombasa au Dar es Salaam, akapewa kofia iliyotundikwa kwenye usukani kama pambo, anaweza kuhesabu mwenyewe ni miaka mingapi imepita tangu makala ile.

Katika majeruhi hawa ndimo alimopata hoja yake William Ritchie Russell, daktari aliyeanza uchunguzi wake Edinburgh kisha akawa pamoja na Cairns huko Oxford. Mwaka 1935 aliwasimulia wasomaji wa The Lancet habari za kijana wa miaka 22, mtunza majani wa uwanja wa gofu, aliyetupwa na pikipiki mwezi wa Agosti 1933. Baada ya juma moja kijana huyo alisema na watu kwa adabu na akili, na wauguzi wakaona kuwa fahamu zake zimerudi zote; lakini alipoulizwa tarehe, alijibu kuwa ni Februari 1922, na kwamba yeye ni mtoto wa shule. Miaka mitano aliyokaa Australia haikuwapo, wala miaka miwili ya kazi yake ya uwanjani. Juma la pili Australia ikamrudia. Juma la tatu alirejeshwa kijijini alikokuwa akifanya kazi, akaiona nyumba na njia na watu kama mtu aliyeshuka melini siku ile, akapotea njia mara kadhaa. Akarudi kazini hivyo hivyo akiwa mgeni mahali pake mwenyewe, na mikono yake iliijua kazi, lakini jioni hakuweza kusema amefanya nini mchana. Ilipofika kama juma la kumi, ile miaka miwili ilimrejea taratibu, ya mbele ikisogea kuelekea kwenye ya nyuma yake kama maji yanavyojaa hori, hata zikabaki dakika chache tu kabla ya kuanguka, na hizo hazikurudi.

Jambo aliloliona Russell, nalo ni jepesi hata mtu hustaajabu lilichelewaje, ni kwamba urefu wa muda ule usioandikwa ndio kipimo cha pigo. Fuvu laweza kupasuka na mwenyewe akapona upesi, na laweza kuwa zima huku ubongo umeumia vibaya. Lakini ukimwuliza majeruhi, akisha kupata nafuu, ni kitu gani cha kwanza unachokikumbuka baada ya ajali, na kuanzia hapo siku zako zinafuatana bila kukatika, utapata hesabu: chini ya saa moja, pigo ni dogo. Zaidi ya siku saba, ni zito mno, na mtu wake hatarudi kazini upesi. Mwaka 1946 yeye na Peter Nathan walichapisha katika gazeti la Brain hesabu ya majeruhi 1,029, na katika hao, 707 walikuwa wamepoteza muda wa chini ya nusu saa kabla ya ajali yao. Ndipo usahaulifu, ambao katika zama za Erichsen na Page ulikuwa dai la mlalamishi, ulipogeuka kuwa shahidi wa daktari. Hakutakiwa tena mgonjwa aeleze kilichompata. Kule kutoweza kwake kueleza ndiko kulikoeleza.

Lakini elimu ya hospitali hufika mahakamani kwa mwendo wa kobe, na mara nyingine hufika ikiwa imevaa nguo nyingine. Mwezi wa Julai 1959 sajini wa upelelezi alipigwa risasi akafa katika mtaa wa South Kensington, na siku tatu baadaye polisi waliuvunja mlango wa chumba cha hoteli iliyokuwa karibu na pale, wakamkamata Guenther Podola, Mjerumani wa miaka 30 aliyekuwa hana hata miezi mitatu katika mji ule. Mlango ulimpiga usoni, mtu mmoja akamwangukia. Akapelekwa hospitali akiwa hajitambui sawasawa, na alipoanza kusema alisema kuwa hakumbuki kitu, si siku ile wala maisha yake yaliyotangulia. Kesi ilipofika Old Bailey mwezi wa Septemba, wakili wake, Frederick Lawton, alisema kuwa mtu asiyejua alikuwa wapi hawezi kujitetea, na Hakimu Edmund Davies akaamuru kwamba kwanza watu 12 wa baraza la mahakama waamue kama usahaulifu ule ni wa kweli au wa kujifanya. Tena akaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mabega ya mshitakiwa mwenyewe. Kwa siku tisa madaktari waliapa na kupingana. Usahaulifu wa maisha yote, kwa mtu aliyeweza kuzungumza na kucheza karata, haukufuata ile mizani ya Russell, na waliomtetea walisema ni hofu ndiyo iliyoifunga hafidha yake. Basi Page na Erichsen wakawa kama wamefufuka. Lililoumiza upande wake kuliko yote ni barua fupi aliyoiandika akiwa gerezani, kumjibu mtu aliyewahi kujuana naye, kwa maneno ya uchangamfu, kama rafiki amwandikiavyo rafiki. Yule asiyekumbuka kitu, wakauliza waendesha mashtaka, amemkumbuka vipi huyu?

Wale 12 walisema usahaulifu si wa kweli. Baraza jingine likamwona na hatia, mahakama ya rufani ikaongeza kuwa hata kama usahaulifu ungekuwa wa kweli, mtu mwenye akili timamu leo hana udhuru wa kukwepa kujibu kwa sababu hakumbuki la jana, na tarehe 5 Novemba 1959 akanyongwa katika gereza la Wandsworth. Katika fikihi yetu pia hukumu hutazama akili ya mtu saa ya kutenda, si saa ya kuulizwa, na sioni kwamba majaji wale walikosa katika kanuni. Wala sina hoja ya kusema kuwa Podola alisema kweli. Naelekea kudhani kuwa hakusema. Barua ile ndiyo inayonikera, kwa sababu ya yale yaliyokuja kuonekana Queen Square.

Miaka tisa baada ya Podola, Elizabeth Warrington, akifanya kazi katika hospitali ile ya akina Chandler pamoja na Lawrence Weiskrantz, aliwapa wagonjwa wenye usahaulifu mkubwa picha zilizofutwafutwa, mistari michache tu iliyotawanyika, akawaongezea kidogo kidogo hata wakaweza kusema hii ni picha ya nini. Kesho yake waliulizwa kama wamepata kuziona picha zile, wakakana, na walikana kwa nia safi. Lakini walipopewa tena, walizitambua kwa mistari michache kuliko jana. Kulikuwa na kitu ndani yao kilichojua, na wao wenyewe hawakuwa na habari nacho. Mtunza majani wa Russell, ambaye mikono yake ilikumbuka kazi ya mchana asiyoikumbuka jioni, alikuwa amelionyesha jambo hilo mapema, lakini hapana aliyelitazama kwa jicho lile. Na kama mtu aweza kujua asichokikumbuka, basi ile hoja ya kumnasa mwenye kusema "sikumbuki" kwa kumwonyesha kuwa anajua, haiwezi kubeba uzito wote uliotundikwa juu yake.

Hukumu ya Podola ingali ikisomwa na wanafunzi wa sheria, wakiwamo wa kwetu waliokwenda kusomea uwakili Gray's Inn na Lincoln's Inn, nyumba mbili ambazo zote ziko baina ya Queen Square na Old Bailey, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Katika wodi za majeruhi wa kichwa mjini humo desturi nayo ni ile ile iliyotokana na siku za vita: asubuhi muuguzi humwuliza mgonjwa jina lake nani, hapa ni wapi, mwezi huu ni mwezi gani. Mzee aliyeondoka Mombasa kijana, akakaa London miaka arobaini, akagongwa na gari akivuka njia ya Whitechapel, anaweza kujibu, tena kwa Kiswahili, kuwa hapa ni Mombasa na mwezi huu ni wa Ramadhani. Muuguzi mwenye kuijua kazi yake hambishii wala hamkamati kwa maneno yake. Humtafuta mtu wa kumtafsiria, huliandika jibu kama lilivyo, pamoja na tarehe, na kesho yake asubuhi humwuliza tena.